Sikio la Hollywood: Sehemu ya Kwanza

Los Angeles, Marekani. Alhamisi, tarehe 20 Juni 2002.

Mwandishi wa habari Anita Busch anatoka nyumbani kwake asubuhi, anaelekea kwenye gari lake aina ya Audi lililoegeshwa mtaani. Kazini kwake, gazeti la Los Angeles Times, kuna habari nzito inayomsubiri.

Anakaribia gari. Anasimama ghafla.

Kioo cha mbele kimetobolewa. Tundu moja, nyufa zimetambaa kila upande. Ukilitazama tundu lile kwa haraka utasema ni la risasi.

Juu ya kioo pamewekwa trei ya alumini, imefunikwa kifudifudi. Pembeni kuna karatasi yenye neno moja tu: Acha.

Aache nini?

Taratibu, msomaji wangu. Tufunue trei kwanza.

Ndani yake kuna samaki. Amekufa, na ua la waridi limebanwa mdomoni mwake.

Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Ungemtupa kapuni ukaenda zako kazini? Ungempigia mama yako? Au ungerudi ndani ukafunga mlango kwa komeo?

Ambao mmeitazama The Godfather, ile filamu ya mwaka 1972, mnaielewa lugha hii. Samaki aliyekufa ni barua. Humwambia anayeipokea kwamba wapo watu wanaomfahamu, wanajua anapolala, na wakitaka watampeleka walikompeleka samaki.

Na Anita alikuwa na sababu ya kuogopa. Siku zile alikuwa akichimba habari ya watu wa filamu na uhusiano wao na mafia. Kwa hiyo kila aliyelitazama gari lile aliwaza jambo moja: mafia.

Hivyo ndivyo aliyemweka samaki yule alivyotaka watu wawaze.

Kwa sababu hakutumwa na mafia.

Haukupita muda mrefu, mtu mmoja akajitokeza kwa makachero wa FBI. Akawaambia anamfahamu aliyefanya kazi ile. Wakamvalisha kinasa sauti chini ya nguo, wakamrudisha kwa huyo rafiki yake, jamaa aliyeitwa Alexander Proctor, mtu aliyekwisha kuonja jela.

Proctor akaongea. Hakujua kwamba kila neno lilikuwa likinaswa. Akasimulia samaki, akasimulia waridi, akasimulia na tundu la kwenye kioo. Kisha akamtaja aliyemtuma.

Hakumtaja jambazi. Hakumtaja bosi wa genge.

Alitaja jina la mpelelezi wa kujitegemea. Mtu mwenye leseni ya serikali, mwenye ofisi barabara ya Sunset Boulevard, mwenye namba za simu za mastaa na mabwanyenye wa jiji lile, na aliyekuwa tegemeo la mawakili ghali kuliko wote mambo yalipowaharibikia.

Anthony Pellicano.

Mtu huyu ni nani? Na ilikuwaje mpelelezi, ambaye kazi yake ni kutafuta ukweli, akawa mtu wa kutuma samaki wafu kwa waandishi wa habari?

Hapo ndipo utamu ulipo. Sogea karibu.

*

Turudi nyuma, lakini siyo sana.

Pellicano alizaliwa mwaka 1944 kule Chicago. Hakuanza kama polisi wala kama mwanasheria. Alianzia kwenye kampuni iliyouza bidhaa kwa mkopo kupitia posta, na kazi yake ilikuwa moja: kuwasaka wadaiwa waliohama bila kuaga.

Kazi hiyo ni shule. Mdaiwa aliyetoroka hubadili nyumba, hubadili kazi, hata jina hubadili. Lakini bado atampigia simu dada yake. Bado ataandikisha mtoto shule. Ukijua kuongea na dada kwa sauti ya upole, ukajifanya mtu wa shule, ukajifanya mtu wa posta, utampata.

Kijana Pellicano akagundua ana kipaji cha hatari: watu humwambia mambo.

Akafungua ofisi yake. Akaita waandishi, akajisifia. Akapata kazi, akakosa kazi. Mwaka 1974 akafilisika. Kwa wengine hapo ndipo simulizi ingeishia.

Kisha mwaka 1977 mtu akafukua kaburi.

Kaburi hilo lilikuwa la Mike Todd, mtayarishaji wa filamu aliyekuwa mume wa Elizabeth Taylor, mmoja wa wanawake maarufu kabisa duniani enzi hizo. Todd alikufa kwa ajali ya ndege mwezi Machi 1958, akazikwa Forest Park, nje kidogo ya Chicago. Miaka 19 baadaye wezi wakamfukua, wakaondoka na mabaki yake. Inaaminika walikuwa wakitafuta pete ya almasi waliyodhani alizikwa nayo.

Polisi wakaja, wakapekua makaburi yale wasione kitu.

Sasa angalia anachofanya Pellicano.

Haendi peke yake. Anakwenda na mtangazaji wa televisheni pamoja na kamera. Anatembea makaburini, anafika mahali si mbali na kaburi, anainama, anafukua majani.

Mabaki haya hapa. Kwenye mfuko.

Alijuaje? Alisema amedokezwa na watu wake. Wapelelezi wenzake wa Chicago hawakuamini. Walinong'ona kwamba haiwezekani polisi wengi wapite mahali wasione kitu, kisha mtu mmoja mwenye kamera nyuma yake aende moja kwa moja kwenye majani yale yale. Lakini kunong'ona si ushahidi, na Elizabeth Taylor alikuwa amerudishiwa mabaki ya mumewe.

Kuanzia siku ile Pellicano alikuwa na kitu ambacho pesa hainunui kirahisi. Jina lake lilitamkwa na watu wenye majina.

Bado kitu kimoja: mlango wa Hollywood. Nani angemfungulia?

*

Aliufungua mtu aliyetengeneza magari.

Mwezi Oktoba 1982, John DeLorean, yule mwenye gari la milango inayofunguka kwenda juu, alikamatwa kwenye hoteli mjini Los Angeles. Serikali ilisema aliingia kwenye biashara ya kokeini ili kuiokoa kampuni yake iliyokuwa ikizama. Kulikuwa na picha za video na kanda za sauti. Ukizitazama unasema huyu kwisha habari yake.

Wakili wake, Howard Weitzman, alihitaji mtu wa kuzichambua kanda zile sekunde kwa sekunde. Pellicano alikuwa amejijengea sifa ya ujuzi wa sauti: anaweza kusikia mahali kanda ilipokatwa, au neno lililozikwa chini ya kelele. Wakamwita. Mwaka 1983 akahamia Los Angeles.

Mwezi Agosti 1984 DeLorean akaachiwa huru.

Unajua maana yake katika mji ule? Simu zilianza kuita. Mawakili waliotetea matajiri wakajua kuna mtu. Mastaa wakajua kuna mtu. Mwaka 1993 Michael Jackson alipokabiliwa na tuhuma zilizotikisa dunia, Pellicano alikuwa miongoni mwa watu waliosimama upande wake mbele ya vyombo vya habari.

Bei? Dola 25,000 mezani kabla hajanyanyua kalamu. Ukibadili mawazo kesho yake hurudishiwi hata senti.

Na watu walilipa. Kwa nini?

Hapa nataka tuelewane vizuri, maana ndiyo roho ya simulizi hii.

Mpelelezi wa kweli ana kazi ngumu na ya kuchosha. Anakaa ndani ya gari kwa saa nane akitazama mlango mmoja. Anapekua majalada ya mahakama, hati za viwanja, vyeti vya ndoa. Anagonga milango ya mashahidi na kufungiwa usoni. Kwa sheria ya California, ili upewe leseni kwa kawaida unatakiwa uwe na saa 6,000 za uzoefu wa upelelezi. Ni kazi ya heshima, na wapo wanaoifanya kwa heshima. Wasio na hatia wametoka magerezani kwa sababu mpelelezi fulani hakuchoka kugonga milango.

Lakini mtu mashuhuri hana subira. Kesi yake iko kwenye magazeti leo. Mke anadai talaka na nusu ya mali. Mfanyakazi wa zamani anataka kuandika kitabu. Mwandishi anauliza maswali. Mtu huyu haulizi ukweli ni upi. Anauliza: nitalimalizaje hili?

Pellicano aliliuza jibu la swali hilo. Aliwaambia waandishi wa magazeti kwamba kwenye buti la gari lake ana rungu la besiboli la alumini. Alitaka lijulikane. Mtu aliyeogopwa kabla hajafika alikuwa ameshafanya nusu ya kazi.

Nusu nyingine ilifanyika kimya kimya, nyuma ya mlango uliofungwa.

Na mlango huo ndio tunaufungua sasa.

*

Vuta picha wewe ni mama uliyeachana na mume tajiri.

Unapigana naye mahakamani juu ya matunzo ya mtoto. Usiku unampigia wakili wako. Unamweleza unachoogopa, unachoweza kuvumilia, kiasi cha pesa ambacho ukipewa utakubali yaishe.

Kesho yake upande wa pili wanaleta pendekezo. Kiasi ni kile kile ulichokitaja usiku.

Wiki inayofuata, tena. Na tena. Unaanza kumshuku wakili wako. Unamshuku mdogo wako. Unashuku kila uliyemwamini.

Kumbe adui yuko kwenye waya wa simu.

Mtambo ulikuwa hivi. Fundi wa simu Ray Turner, aliyefanya kazi miaka mingi Pacific Bell, alijua mahali nyaya za mtaa zinapokutana. Laini yako iliunganishwa kisirisiri ikapelekwa kwenye kompyuta iliyofichwa jirani. Kwenye kompyuta kulikuwa na programu iliyoitwa Telesleuth, iliyoandikwa mahsusi na mtaalamu aitwaye Kevin Kachikian. Ukinyanyua simu, mashine inaanza kurekodi. Ukikata, inanyamaza.

Hakuna mtu aliyejibanza kichakani. Hakuna gari jeusi nje ya geti. Ungetazama dirishani usiku kucha usione kitu.

Kama Pellicano alihitaji rekodi zako za polisi, gari lako ni namba ngapi, umewahi kukamatwa, unakaa wapi? Alikuwepo Sajini Mark Arneson wa polisi wa Los Angeles. Askari mwenye kiapo na beji. Aliketi mbele ya kompyuta ya serikali, akaingiza majina aliyotajiwa na Pellicano, akachapisha. Kwa hayo alilipwa na mpelelezi, mwezi baada ya mwezi.

Mwanamke mmoja aliyemshtaki tajiri kwa kosa la ubakaji alisikilizwa simu zake kwa namna hii. Fikiria ujasiri uliomchukua kwenda kushtaki. Kisha fikiria mazungumzo yake ya usiku na rafiki zake yakisikilizwa na watu wanaolipwa na upande wa mtu aliyemshtaki. Mimi hili haliniachii usingizi, na silifichi.

Sheria ilisemaje? Ilikuwa wazi kabisa. Tangu mwaka 1968 sheria ya shirikisho ya Marekani inakataza raia kunasa simu ya mwenzake. California ni kali zaidi: huruhusiwi kurekodi mazungumzo ya faragha mpaka wote wanaozungumza wakubali.

Pellicano aliijua sheria hiyo, maana ndiyo iliyoongoza kazi yake. Aliivunja kwa sababu aliamini hakuna atakayemgusa. Nani amguse? Ana polisi mfukoni, ana fundi wa simu, ana siri za nusu ya mji.

Na laini ya Anita Busch, yule mwandishi tuliyemwacha mbele ya gari lake?

Nayo ilikuwa imenaswa.

*

Alhamisi, tarehe 21 Novemba 2002.

Miezi mitano tangu samaki yule. Makachero wa FBI wanapanda hadi ofisini kwa Pellicano, Sunset Boulevard. Wana hati ya upekuzi. Wanachotafuta ni kidogo tu: kitu chochote kinachomhusisha na vitisho dhidi ya Anita.

Wanafika kwenye kasiki.

Linafunguliwa.

Pesa taslimu, kiasi cha dola 200,000.

Sawa, mtu wa matajiri, ana pesa. Endelea kutoa.

Mabomu mawili ya kurusha kwa mkono.

Unasoma vizuri. Mabomu. Ndani ya ofisi, katikati ya jiji. Na pembeni yake baruti aina ya C-4, ile inayotumiwa na wanajeshi.

Hilo pekee lilitosha kumpeleka jela. Lakini makachero waliokuwa wakipita vyumbani waliona kitu kilichowashtua kuliko mabomu.

Kompyuta. Nyingi kuliko mahitaji ya ofisi ndogo ya upelelezi. Nyingine zilikuwa kwenye chumba kilichofungwa, ambacho si kila mfanyakazi aliruhusiwa kuingia.

Mpelelezi anafanya nini na kompyuta zote hizi?

Hati waliyokuwa nayo haikuwaruhusu kuchimba kila kitu, kwa hiyo walirudi mahakamani kuomba nyingine, na mwanzoni mwa 2003 upelelezi ukageuka. Haukuwa tena wa gari moja lenye kioo kilichotobolewa.

Wakaanza kufungua mafaili. Mengi yalikuwa yamefungwa kwa misimbo. Wataalamu wakakesha. Faili moja likafunguka. Jingine likagoma. Jingine likafunguka.

Wakavaa spika za masikioni. Wakabonyeza.

Walitarajia kusikia sauti za waathirika, na baadhi walizisikia. Lakini kulikuwa na sauti nyingine, ambazo hakuna aliyezitarajia.

Unakumbuka wahenga walivyosema, kikulacho ki nguoni mwako?

Pellicano alikuwa akiwarekodi wateja wake mwenyewe.

Soma tena sentensi hiyo. Wale waliomlipa dola 25,000 awatunzie siri. Wale waliompigia simu wakiamini wanaongea na mtu salama kuliko wote mjini. Alikuwa amebonyeza kitufe.

Mwanasheria mmoja mkubwa wa Century City, mwakilishi wa bilionea, alikuwa humo katika mazungumzo zaidi ya 30. Humo ndani wanaume wawili wanazungumza kwa raha juu ya kilichosikika kwenye simu ya mwanamke aliyekuwa upande wa pili wa kesi. Hapakuhitajika shahidi. Walijitolea ushahidi kwa midomo yao.

Kwa nini alifanya hivyo? Kujikinga siku wakimgeuka? Tabia tu ya mtu ambaye sikio lake halikuwahi kupumzika? Maoni yangu ni kwamba alitaka kila aliyemlipa abaki akimhitaji. Lakini alichotunza kwa ajili ya kuwashika wengine sasa kilikuwa mikononi mwa serikali.

Hollywood yote ikashikwa na homa. Mawakili wakaajiri mawakili. Mastaa wakaulizana kwa sauti ya chini: nilimwambia nini? Niliongea naye kwenye simu, au tulionana ana kwa ana? Nimo kwenye zile kompyuta, au simo?

Na kila mmoja alikuwa na swali moja kubwa zaidi.

Pellicano atafungua mdomo?

*

Oktoba 2003 alikiri kosa la kumiliki mabomu na baruti. Mwezi uliofuata akaingia jela. Akahukumiwa miezi 30.

Makachero walimpa nafasi. Taja wateja. Sema nani alijua, nani aliagiza, nani alilipa. Utatoka mapema.

Akakataa.

Miezi ikapita. Mwaka ukaisha. Mwaka wa pili ukaisha. Yeye kimya. Alisema waziwazi kwamba hatawasaliti wateja wake, na wako waliompenda kwa hilo. Mimi simsifu. Kimya chake kiliwalinda waliokuwa na pesa, na kiliwaacha walioumizwa bila majibu. Anita Busch alikuwa bado anaangalia nyuma ya bega lake kila alipotoka nje.

Hatimaye ikafika Februari 2006.

Gereza la Taft, California. Kifungo kimekwisha. Mfungwa Anthony Pellicano, karibu miaka 62, anakusanya vitu vyake. Huko Los Angeles kuna majumba makubwa ambayo watu wake hawakulala usiku ule. Mtu mwenye siri zao anatoka, na hajasema neno. Pengine imekwisha. Pengine wameokoka.

Lango likafunguliwa.

Lakini Pellicano hakwenda nyumbani.

Serikali ilikuwa imemwekea pingu nyingine. Alipelekwa Los Angeles, na hati iliyosomwa mahakamani ilikuwa na mashtaka 110: kunasa simu, kuhonga, kuendesha genge la uhalifu. Alishtakiwa pamoja na wenzake, wakiwemo Sajini Arneson, fundi Turner na mtaalamu Kachikian.

Na mwezi huo huo wa Februari, jioni moja, simu iliita nyumbani kwa John McTiernan, mwongozaji wa filamu maarufu ya Die Hard. Aliyepiga alikuwa kachero wa FBI. Alikuwa na swali dogo: uliwahi kuzungumza na Pellicano kuhusu kunasa simu ya mtu?

McTiernan akajibu hapana.

Hakujua kwamba FBI walikuwa na sauti yake kwenye kompyuta.

Jumamosi ijayo nitakuingiza mahakamani. Pellicano hatakuwa na wakili. Atasimama kujitetea mwenyewe mbele ya mashahidi mastaa, na Anita Busch atapanda kizimbani kumtazama usoni. Usiikose.